Vikao Saba Vilivyosalia

Jumanne saa nne kasorobo asubuhi Mwelu alikuwa ametumbukiza mikono kwenye beseni la maji moto, kama alivyofanya kila siku kabla ya mteja wa kwanza. Ukimkanda kwa mikono baridi mtu aliyetoka kupasuliwa, mwili hujikunja na maji hujificha ndani. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja la Ruiru, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila lori liliposhusha mabati huko chini kitanda chake kilitetemeka kidogo. Mlangoni palikuwa na kibao cha Kliniki ya Umbo Bora, na chini ya kibao karatasi iliyosema kwamba kikao kilicholipiwa hakirudishwi wala hakihamishiwi mtu mwingine.

Saa nne kamili Wakonyo akaingia. Alisalimia, akatundika kitenge chake msumarini, akauliza kama Jumanne bado ni yake. Mwelu akamwambia ni yake. Wakonyo alikuwa amezikwa Jumamosi, kule Gatuanyaga, katika shamba la mama yake, na Mwelu alikuwepo mazishini kwa sababu kwao ni huko huko, ng'ambo ya barabara. Alikula wali na minji akiwa amesimama, akamsikia mchungaji akisema kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Sasa marehemu alikuwa hapa akifungua vifungo vya sketi, na vumbi la Gatuanyaga lilikuwa likimdondoka kwenye sakafu iliyopigwa deki dakika kumi zilizopita.

Becky wa mapokezi alikuwa ameshaitazama kadi. Vikao vilikuwa kumi, vilivyotumika ni vitatu. Alimwambia Mwelu kwa sauti ya chini kwamba mteja amebakisha saba, na kama anataka kuvimaliza hakuna sheria ya kumzuia. Kisha akarudi kwenye kiti chake kupokea simu.

Wakonyo alikuwa bado amevaa faja, ile nguo ya kubana wanayovaa wanawake waliotolewa mafuta ya tumbo. Alizikwa nayo. Wahudumu wa mochari walishindwa na ndoano zake, na mama yake akaona heri ibaki kuliko kukatwa kwa makasi, maana binti yake aliitafuta hadi Nairobi. Shingoni alikuwa na tepu yake ya kupimia, ya manjano, aliyowekewa ndani ya jeneza na bintiye Ciku. Wakonyo alikuwa fundi wa yunifomu za shule. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa akizungusha tepu ile kwenye viuno vya watoto wa watu, na siku aliyokuja kliniki mara ya kwanza alisema amechoka kupima vya wengine, sasa anataka kupima chake. Hakuwa na mume wa kumridhisha wala mtu wa kumwonyesha. Alitaka tu, na alikuwa na haki ya kutaka.

Mwelu alianza kazi kwa utaratibu ule ule. Watu hudhani kukanda baada ya upasuaji ni kusukuma kwa nguvu, na hapo ndipo wengi huharibu. Maji yanayobaki chini ya ngozi hukaa juu juu, na mkono hupita pole pole kama wa mtu anayepangusa unga mezani. Kwanza unafungua milango: juu ya mitulinga, makwapani, kwenye kinena. Ndipo unayaongoza maji kuelekea milango hiyo. Mwelu alifungua milango ya Wakonyo mmoja baada ya mwingine na yote ilikuwa imefungwa, kama maduka siku ya maandamano. Mwili ulikuwa baridi na umejaa maji. Alikanda saa nzima na hakuna kilichosogea.

Alipofika miguuni ndipo mkono wake ukashtuka. Kwenye shavu la mguu wa kushoto palikuwa na mduara wa wino wa buluu, na ndani ya mduara palikuwa na tarehe, saa, na neno moja: moto. Mwandiko ulikuwa wa Mwelu mwenyewe. Alichovya pamba kwenye spiriti akasugua, lakini wino haukutoka. Mwili wote ulikuwa baridi isipokuwa hapo. Hapo palikuwa na joto la chapati iliyotoka sasa hivi jikoni.

Mwelu alijua siku aliyoandika neno lile, kwa maana ilikuwa Jumanne ya wiki iliyotangulia.

Nyanya yake Mwelu, waliyemwita susu Kavindu, alikuwa mkandaji wa wajawazito na waliovunjika, na watu walimfuata kutoka Gatuanyaga yote. Hakujua kusoma. Alikuwa na sheria moja tu ambayo hakuivunja hata kwa ndugu zake: penye moto hapakandwi. Mtu akija na mguu wenye moto, susu Kavindu alimfunika shuka, akamwekea soda, akatuma mtu kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Huko Nairobi alikosomea kazi, Mwelu alifundishwa sheria hiyo hiyo kwa maneno marefu zaidi. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukawa na moto, huenda ndani ya mshipa kuna damu iliyoganda, na ukiikanda utaisukuma kwenda mahali pabaya.

Jumanne ile ya kikao cha tatu Mwelu aliugusa mguu, akapima kwa macho, akachukua kalamu, akazungushia mduara na kuandika. Akamwuliza Wakonyo habari ya mguu. Wakonyo akajibu, "Mzuri tu. Unavuta kidogo." Ndivyo alivyolelewa. Mama yake alimfundisha kwamba mtu akikuuliza kama u mzima unajibu u mzima, hata kama una surua, na matatizo yako yanangoja mpaka mgeni anywe chai. Nusu ya watu wa Thika na Ruiru wamelelewa hivyo. Mtu anatolewa kwenye gari lililopinduka, anaulizwa habari, anasema mzuri.

Mwelu akaenda mapokezi, akampigia Daktari Gichuru, mwenye kliniki. Daktari hakuwa mbali. Alikuwa chumba cha upasuaji, nyuma ya ukuta, na ukutani kwake palikuwa na cheti cha kozi ya siku tano, kimewekewa fremu ya dhahabu. Akasema ni maji tu. Akasema kila mtu huvimba. Akasema, "Kanda, Mwelu, na usimwogopeshe mteja. Wewe ni daktari siku hizi?" Akakata simu. Mwelu alirudi chumbani. Angeweza kumfunika shuka na kutuma mtu atafute pikipiki. Badala yake akaukanda mguu ule kwa dakika ishirini, na Wakonyo akashukuru, akamwachia parachichi mbili. Kesho yake asubuhi alianguka dukani kwake akiwa na tepu shingoni, mbele ya mzazi aliyekuja kuchukua sweta.

Daktari alituma shada la maua.

Haya yote yalimjia Mwelu mikono yake ikiwa juu ya mguu ule wenye moto, na alikasirika. Alimkasirikia Daktari, halafu akajikasirikia zaidi. Hakukanda hapo. Aliufunika mguu kwa taulo na kumsaidia Wakonyo kuvaa. Wakonyo akatia sahihi kwenye kadi, kikao cha nne, akaaga, akashuka ngazi akishikilia ukuta kama wanavyofanya wateja wote wenye faja.

Kikao cha tano kilikuwa hivyo hivyo. Kikao cha sita Mwelu alishindwa kunyamaza. Alikuwa kwenye kwapa la kulia, Wakonyo amefumba macho. Mwelu akasema, "Mama Ciku, siku ile nilikukanda nikijua. Niliona moto na bado nikakanda."

Wakonyo hakufumbua macho. "Najua, Mama Maluki," akasema, akimwita Mwelu kwa jina la mwanawe. "Ni sawa tu."

Mwelu angependa kutukanwa. Angependa kofi. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa ameshakufa na bado alikuwa akificha, bado alikuwa akimwondolea kila mtu usumbufu kama mgeni anayesema ameshiba. Mwelu alitoka, akasimama dirishani kwenye ujia mpaka hasira ikapungua kiasi cha kurudi kazini. Jioni hiyo alimpigia simu Ciku.

Ciku alikuwa mwanafunzi wa chuo kule Juja, mwaka wa tatu. Alifika Jumanne iliyofuata kabla ya saa nne, akakaa kwenye benchi na mama yake. Wakonyo alimwuliza habari za mitihani, na kama amerudisha sufuria ya jirani. Ciku akasema amerudisha. Halafu akaingia chumbani, akaushika mguu wa mama yake, akasoma neno lile, akaweka kiganja juu yake kwa muda mrefu. Alipiga picha kwa simu mara nane.

"Auntie, hii si ndio ushahidi?" akamwuliza Mwelu. "Tarehe iko, time iko."

Mwelu akasema ndiyo, na kwamba yuko tayari kusema mbele ya mtu yeyote kilichotokea, pamoja na sehemu yake yeye. Ciku akaandika malalamiko kurasa nne, akayapeleka kwenye ofisi inayoshughulikia mambo hayo. Alichotaka kilikuwa kimoja. Hakutaka fidia. Alitaka paandikwe mahali, kwa wino wa serikali, kwamba mama yake hakuugua kwa muda mfupi.

Mkaguzi alikuja wiki mbili baadaye, siku ya kikao cha tisa. Jina lake lilikuwa Kagwe, mtu mpole mwenye viatu vilivyong'arishwa, na alikuwa na fomu kwenye ubao wenye kibano. Daktari Gichuru alimpokea kwa chai na mandazi. Becky akaleta rejista na kadi. Kagwe alipitisha kidole kwenye sahihi: kikao cha nne, cha tano, cha sita, cha saba, cha nane. Zote zilifanana na zile tatu za kwanza. Akauliza huyu aliyetia sahihi yuko wapi. Becky akamwelekeza kwa kidevu. Wakonyo alikuwa kwenye benchi, mikono magotini, akingoja zamu yake.

Kagwe akamwendea, akainama kwa heshima. "Habari yako, mama?"

"Mzuri sana," akasema Wakonyo. "Na wewe?"

"Mzuri. Unaendelea aje na matibabu?"

"Vizuri tu. Nashukuru."

Kagwe akaandika. Mwelu alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake ikidondosha maji. Akamwambia mkaguzi amwulize kama alikufa. Kagwe akauliza, bila kejeli, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuuliza. Wakonyo akasema ndiyo, alikufa Jumatano ile asubuhi, ila hakutaka kuwasumbua watu. Kagwe akaeleza kwamba fomu ina sehemu mbili. Kuna mgonjwa aliyefariki, ambaye husemewa na jamaa zake, na kuna mgonjwa aliye hai, ambaye hujisemea mwenyewe. Huyu amejisemea. Hakuna sehemu ya tatu.

Mwelu akamwomba basi autazame mguu. Waliingia chumbani, na Wakonyo akapanda kitandani bila kuombwa mara mbili. Kagwe alisoma tarehe na saa. Aligusa mduara kwa kidole kimoja, akakirudisha haraka, akakipangusa kwa kitambaa. Alikubali kwamba pana moto. Akauliza mwandiko ni wa nani.

"Ni wangu," akasema Mwelu.

"Kwa hivyo uliona moto."

"Niliona."

"Na nani alikanda?"

"Mimi. Daktari aliniambia nikande."

Daktari Gichuru alikuwa nyuma yao. Hakupandisha sauti. Alisema hakumbuki simu hiyo, kwamba siku ya upasuaji mtu hupokea simu nyingi, na kwamba mkandaji aliyesomea kazi yake anajua penye moto hapakandwi. Alisema maneno hayo hayo ya susu Kavindu. Kisha akasema kwamba hata hivyo hataki Mwelu achukuliwe hatua, maana ni mama wa watoto na hapa kliniki wao ni familia. Kagwe akasema huo ni ubinadamu. Mwelu alikuwa na chupa ya spiriti mkononi na aliishika kwa nguvu mpaka plastiki ikabonyea.

Barua ilikuja siku chache baadaye. Ilisema kwamba mgonjwa yupo, anaendelea kuhudhuria matibabu na ameridhika, na kwamba kwa sababu hiyo malalamiko ya kifo yamefungwa. Ilishauri kliniki iongeze safu moja kwenye rejista, ya kuandika hali ya mteja kila anapofika. Ciku aliisomea kwenye ujia, mara mbili, kisha akaikunja ndogo ndogo.

"Sasa mum ndiye shahidi wao, auntie," akasema.

Hakulia. Akaingia kumsalimia mama yake, ambaye alimwambia amekonda na kumwuliza anakula nini huko Juja.

Kikao cha kumi kilikuwa cha mwisho, na Mwelu alifikiri angalau hapo pana kitu kimoja cha haki. Kadi ikijaa, mtu huenda zake. Alikuwa amemletea Wakonyo parachichi mbili kutoka Gatuanyaga, apate za njiani. Lakini walipotoka chumbani Daktari Gichuru alikuwa mapokezi akitabasamu, na mkononi alikuwa na kadi mpya. Vikao kumi vingine, bure, kwa ajili ya uaminifu wa mteja. Alisema kliniki haiwasahau watu wake. Alichosahau kusema ni kwamba siku Wakonyo akiacha kutia sahihi ndiyo siku atakayohesabika kuwa amekufa, na malalamiko yatafunguliwa upya.

Wakonyo aliipokea kadi kwa mikono miwili. Hajawahi kukataa zawadi ya mtu maishani mwake. Akasema asante sana, Daktari, Mungu akubariki. Mwelu aliziweka parachichi kwenye dirisha la mapokezi, akaenda chooni, akaupiga mlango teke. Mlango ule una alama mpaka leo.

Juma hilo hilo walimpiga picha Wakonyo kwa ajili ya bango. Alipanguswa vumbi, akasimamishwa upande upande karibu na pazia jeupe. Bango likawekwa nje, juu ya mabati ya duka la chini: upande mmoja Wakonyo wa zamani na upande wa pili Wakonyo wa sasa, na kiuno chake kilikuwa kweli kimepungua. Waliutoa mguu kwenye picha. Wanawake waliliona bango wakiwa barabarani na wakapanda ngazi. Daktari aliajiri mkandaji wa pili kwa ajili ya chumba cha jirani.

Mmoja wa waliopanda ngazi alikuwa Mwongeli, msichana wa miaka ishirini na sita aliyeuza simu kwenye duka la Kahawa Wendani. Aliletwa chumbani kwa Mwelu siku ya nane baada ya upasuaji, Jumanne, saa tatu. Mwelu alifungua milango, akashuka, akafika miguuni, na mguu wa kulia ulikuwa na moto. Safari hii hakupiga simu. Alimfunika shuka. Akamwambia, "Mdogo wangu, hii si ya kukandwa. Twende hospitali kubwa sasa hivi."

Mwongeli akasema anasikia mzuri tu, ni kuvuta kidogo. Akasema Daktari alimwambia ni kawaida. Becky alisikia mazungumzo, akamwita Daktari, na Daktari akaja kusema kama Mwelu amechoka basi mteja ahamie chumba cha pili. Alimshika Mwongeli kiwiko, akamtoa, akamkalisha kwenye benchi angoje kitanda kitandikwe. Mwelu alimfuata akirudia kwamba mguu una moto, na Daktari akafunga mlango wa mapokezi ili wateja wengine wasisikie, akaenda kuharakisha kitanda. Mwongeli alikuwa na aibu. Alimwambia Mwelu asijali, kwamba hataki kuwakosanisha watu kazini.

Wakonyo alikuwa kwenye benchi hilo hilo, amewahi kama kawaida yake. Alimtazama msichana, akamtazama Mwelu. Kisha akaitoa tepu shingoni. Fundi haombi ruhusa ya kupima. Alipiga goti taratibu, faja ikimbana, akazungusha tepu kwenye shavu la mguu wa kushoto wa Mwongeli, akasoma, akauminya ukucha wake pale kwenye namba. Akazungusha mguu wa kulia. Tofauti ilikuwa sentimita nne. Alimwonyesha Mwongeli zile namba mbili kama anavyomwonyesha mzazi kwamba mtoto amekua na sweta la mwaka jana halitatosha. Mwongeli aliuza simu. Mtu akimwambia maneno huyasahau, lakini namba alizielewa. Halafu Wakonyo akavuta sketi yake juu, akamwonyesha mduara wake na neno lake.

Mwongeli alisimama. Mwelu akamshika mkono, wakashuka ngazi wote wawili wakiwa na ndara, wakachukua teksi mpaka hospitali ya Thika. Walimpima, wakakuta damu imeganda kwenye mshipa, wakamlaza siku tisa. Yu hai. Amerudi kuuza simu.

Mwelu alirudi kliniki mchana ule na kukuta barua ya onyo. Kosa lake lilikuwa kuondoka na mteja bila idhini. Vikao vya Mwongeli vilivyosalia viliandikwa kwamba mteja hakuhudhuria, na havirudishwi. Ilipofika Alhamisi palikuwa na karatasi nyingine ukutani, chini ya ile ya kwanza, iliyosema kwamba wateja hawaruhusiwi kupimana wakiwa kwenye benchi. Mkandaji wa chumba cha pili aliendelea kukanda kila alichoambiwa akande. Bango lilikuwa bado juu, na wanawake walikuwa bado wakipanda ngazi.

Mwelu hakuacha kazi. Waliomwuliza kwa nini aliwaambia kwamba mtu ambaye angekaa kwenye kiti chake angekanda.

Jumanne iliyofuata Wakonyo alifika saa nne kamili. Vumbi lilikuwa limepungua kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha Gatuanyaga, na viatu vyake vilikuwa na tope. Becky alifungua rejista, akauliza bila kuinua macho, "Habari yako, Mama Ciku?"

Huko chini lori lilikuwa likishusha mabati, na Wakonyo alisubiri mpaka lilipomaliza. Mwelu alimsikia kutoka mlangoni.

"Mbaya," akasema Wakonyo. "Mguu unauma sana. Unauma tangu siku ile."

Becky alikuwa ameshaandika. Safu ile mpya aliijaza kila asubuhi kabla wateja hawajafika, kutoka juu mpaka chini, ili foleni isonge, na kila mstari ulisema mzuri. Wakonyo alilisoma neno lile kichwa chini miguu juu. Akaomba lifutwe. Becky akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba rejista haikatwikatwi, ni amri ya Daktari tangu mkaguzi aje, na akamgeuzia kitabu atie sahihi. Wakonyo alikitazama kitabu, akamtazama Becky, akawatazama watu watatu waliokuwa wakingoja nyuma yake kwenye foleni, na akatia sahihi.

Chumbani alipanda kitandani, akalala chali. Mwelu alikausha mikono yake. Hakufungua milango siku hiyo. Alivuta kiti, akakaa upande wa miguu, akauliza tena, taratibu, kana kwamba ni mara ya kwanza: "Habari ya mguu, Mama Ciku?"

"Mbaya, Mama Maluki."

Mwelu akachukua kalamu ya wino wa buluu. Chini ya neno la kwanza akaandika tarehe, saa, na neno mbaya, na chini yake akaandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, kwa herufi kubwa, ili mkaguzi yeyote atakayekuja asipate taabu ya kuuliza mwandiko ni wa nani. Akapuliza wino ukauke. Kisha wakakaa hivyo, mguu juu ya magoti yake bila kukandwa, mpaka Becky akabisha hodi kusema mteja wa saa tano amefika.